Nataka kupima maikroRNA za kichocho kwa sampo za Lindi, nianze na qPCR au kusikwensi?

Mmwera_wa_Mtama:

Wakuu habari za majukumu. Mimi ni mtu wa maabara, nipo hospitali moja huku mkoani Lindi na nimeanza masters Dar, sasa nipo kwenye propozo na kichwa kinauma kweli. Kifupi nataka kuangalia kama maikroRNA za mdudu wa kichocho zinaonekana kwenye damu ya watu wa bonde la Lukuledi, maana sisi kipimo chetu cha kila siku ni kuchuja mkojo mililita 10 halafu unatafuta mayai kwenye hadubini, na kila aliyewahi kukaa kwenye hiyo hadubini anajua wenye maambukizi madogo wanatupita, leo yai lipo kesho halipo.

Nilichosoma mpaka sasa ni kwamba maikroRNA ni vipande vifupi vya RNA, herufi kama 22 hivi, havitengenezi protini ila vinabana kazi ya jeni zingine, vilionekana mara ya kwanza 1993 kwa mnyoo mdogo wa udongoni C. elegans na ndio hao kina Ambros na Ruvkun waliopewa Nobel 2024. Na kwamba tangu 2008 watu wanajua vinazunguka kwenye plasma (maji ya damu) bila kuoza ovyo maana vimefungwa na protini ya Ago2 au vipo ndani ya vijifuko vya seli, na mwaka 2014 kuna watu walizikuta za kichocho kabisa, bantam, miR-277 na miR-3479, kwenye seramu ya watu wa Uganda na Zimbabwe. Nikasema aah kumbe inawezekana.

Shida sasa ni njia. Msimamizi anasema qPCR, ile ya kunakili kipande kimoja na kukihesabu, inatosha usijitese, jamaa yangu niliyesoma naye anasema bila kusikwensi, yaani kusoma herufi za RNA zote, siku hizi hakuna atakayekusikiliza, mwingine kanitajia PCR ya kidijitali. Na huku nilipo nina sentrifuji ya mezani, friza ya -20, umeme ndio huo mnaujua, stoo kuna tyubu za kijani kibao na za zambarau zinakuja kwa kusuasua. GeneXpert ipo ila kazi yake TB, sijui kama inaweza kubeba hii. Naombeni mawazo kabla sijaandika bajeti ya ajabu ajabu.

FundiWaPleti:

Mkuu karibu kwenye mateso. Mimi nipo maabara moja ya molekyula Dar na hizi maikroRNA ndio zinanilisha, nikwambie ukweli hilo swali la mashine liweke pembeni kwanza, wewe rudi hapo ulipotaja tyubu za kijani. Hizo zina heparini. Heparini inazuia enzaimu za PCR na inang'ang'ania mpaka kwenye RNA uliyokwisha kuchuja, utapata Cq (namba ya mzunguko ambao mashine inaanza kukiona kitu chako, kikiwa kidogo inachelewa) zimechelewa au hazipo kabisa na utasema mgonjwa hana kitu kumbe ni tyubu. Ipo enzaimu ya kuivunja hiyo heparini ila ni gharama juu ya gharama, usiingie huko, weka tyubu za zambarau za EDTA kwenye bajeti yako mwenyewe usitegemee stoo, na ukiweza zote ziwe loti moja.

Pili kuspini. Damu isikae, ndani ya saa mbili tangu itoke mkononi uwe umeshatenga plasma, na usiiweke damu nzima kwenye barafu maana baridi inaamsha chembe sahani, zile za kugandisha damu. Halafu watu wanaandika tulispini 3000, 3000 ya nini sasa, rpm au g? Sentrifuji ya mezani inasoma rpm na kila moja ina mkono wake, pima sentimita kutoka katikati ya rota mpaka chini ya tyubu, zidisha kwa rpm, zidisha tena kwa rpm, halafu zidisha kwa 0.00001118. Mkono wa sm 15 kwa rpm 4000 unakupa g kama 2,700, kwa mzunguko wa kwanza hiyo inatosha kabisa. Baada ya hapo vuta plasma ya juu, ile ngozi nyeupe juu ya chembe nyekundu usiiguse hata kama unaona unaacha mali, bora uache nusu sentimita nzima, kisha plasma uliyovuta ispini tena kwa nguvu zaidi kwenye ile sentrifuji ndogo ya tyubu za mil 1.5, g 10,000 hivi dakika 10. Huo mzunguko wa pili ndio watu wanauruka. Chembe sahani zimejaa maikroRNA, ukiigandisha plasma ikiwa nazo zinapasuka wakati wa kuyeyusha na zinamwaga kila kitu humo ndani, hapo huwezi kujua tena nini kilikuwa kwenye plasma na nini kimetoka kwenye chembe.

Tatu na hii ndio inaua risechi nyingi, sampo iliyohemolaizi, yaani chembe nyekundu zimepasuka. Chembe nyekundu zina miR-451a na miR-16 na miR-486 kwa wingi wa kutisha, zikipasuka kidogo tu plasma yote inabadilika. Kuangalia kwa macho dhidi ya karatasi nyeupe ni mwanzo tu, jicho linaona ikiwa imeshakuwa pinki. Pitisha kwenye spektrofotomita (kipima mwanga) kwenye mwanga wa nm 414, ikizidi 0.2 ianze kukutia mashaka, na ukifika kwenye qPCR pima miR-451a na miR-23a-3p, hii ya pili haisumbuliwi na chembe nyekundu, kwaiyo toa Cq ya 451a kwenye Cq ya 23a, tofauti ikifika 7 au 8 kwenda juu ujue hiyo sampo imechafuliwa na chembe nyekundu. Na uamuzi wa kuitupa uandike kwenye propozo SASA kabla hujaona resalti, ukisubiri uone resalti kwanza utaanza kuzitetea zile unazozipenda.

Ukishachuja RNA usihangaike kuipima wingi kwa NanoDrop, kile kimashine cha kupima RNA kwa mwanga. RNA ya plasma ni kidogo mno, namba utakayoona pale ni ya riejenti zako. Tumia ujazo uleule kwa kila mtu, mfano plasma mikrolita 200, basi.

Mashine nitarudi baadae, kuna pleti inaniita.

Mama_Sampo:

Wanangu habarini. Mimi ni mtoa damu wa siku nyingi hapa Mtwara, hayo ya Cq sijui sana ila hili la hemolaisisi naomba niliseme maana wasomi mnalianzia kwenye sentrifuji na lenyewe linaanzia mkononi. Mtoto mshipa hauonekani, anafungwa mpira mkono unakaa umefungwa dakika tatu nne huku mtu anapigapiga mshipa, anachomwa na sindano nyembamba kama ya chanjo, sirinji inavutwa kwa nguvu mpaka unaona mapovu, halafu ile damu inasukumwa kupitia sindano ileile kwenye kifuniko cha tyubu pyuu. Hapo chembe zimeshakufa hata hujafika maabara. Mwanangu wa Mtama, sindano geji 21, mtoto mdogo 23, mpira ufungue damu ikianza tu kutoka, spiriti ikauke kabisa kwenye ngozi ndio uchome, na kama umetumia sirinji toa sindano, fungua kifuniko na umimine taratibu kwa ukuta wa tyubu. Kugeuza ni kugeuza polepole mara nane kumi, sio kutikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Na tyubu ya kwanza kutoka usiitumie kwa hiyo kazi yako, ipeleke kwenye picha ya damu, ya pili ndio iwe ya risechi.

Halafu sampo zikitoka kijijini kwa bodaboda kwenye ile njia ya vumbi, tyubu zimelala kwenye begi zinagongana, usinishangae zikifika nyekundu. Spini hukohuko zahanati hata kama ni kwa jenereta.

Mmwera_wa_Mtama:

Mama shikamoo, na asante sana, hili la kutoa sindano kabla ya kumimina huku kwetu nusu ya watu hawafanyi. Fundi nakusubiri kwenye mashine.

Dkt_Shangani:

Nitakuwa mchungu kidogo, unisamehe ndugu yangu. Kwa nini maikroRNA? Kichocho cha mkojo tunacho kipimo cha kuchuja, tuna dipstiki ya damu kwenye mkojo ambayo bei yake ni ya kununua vocha, tuna PCR ya DNA ya mdudu kwenye mkojo inayotafuta kipande cha Dra1 na ipo makini kuliko hadubini, na kuna kipimo cha antijeni ya CAA (kitu kinachotemwa na mdudu mwenyewe) ambacho kinakamata hata maambukizi madogo. Prazikwanteli ni mg 40 kwa kilo na tunagawa shule nzima bila kumpima mtu. Sasa unataka kutoa damu ya mtoto wa Mtama, kuigandisha, kuisafirisha kilomita zaidi ya mia nne mpaka Dar, ili umwambie kitu ambacho mkojo wake ungekuambia palepale? Msimamizi wako hajakuuliza hili?

Na maikroRNA za binadamu mwenyewe ndio usiseme. Chukua miR-122 ya ini, ni nzuri sana inapanda ini likiumia, lakini inapanda kwa mwenye homa ya ini B, kwa mnywa nipa wa msimu wa mabibo, kwa aliyezidisha panado, kwaiyo inakuambia ini linalalamika na haikuambii limefanywa nini. Biomaka (viashiria vya ugonjwa) za namna hii kwenye makaratasi zipo maelfu, hapa wodini mimi hakuna hata moja ninayoweza kuiandika kwenye fomu ya vipimo.

Mmwera_wa_Mtama:

Daktari hapana hujawa mchungu, ni swali la haki. Kujua tu kama ana mdudu nakubali PCR ya mkojo inanipiga. Ila ninachokitaka ni baada ya dawa. Mayai yaliyokwisha kunasa kwenye ukuta wa kibofu yanaendelea kutoka hata kama wadudu wakubwa wamekufa, na DNA ni hivyohivyo, yai likiwa limekufa DNA bado ipo. Kwaiyo mtu kameza dawa, baada ya wiki kadhaa unapima na huwezi kusema kama mdudu yupo hai au ni mabaki. Maikro za mdudu zinatolewa na mdudu anayeishi, nikaona labda zikipotea kwenye damu itakuwa ndio ishara. Halafu kuna la pili, wale wazee wetu wenye kichocho cha miaka ambao kibofu kinaishia kuwa saratani, IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, walishaweka mdudu huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1994, kwao labda maikro za binadamu kwenye mkojo zinaweza kusema kitu mapema. Hili la pili sio la masters yangu lakini.

Dkt_Shangani:

Haya, la baada ya dawa hilo ni swali. Liandike hivyohivyo mstari wa kwanza wa propozo, usianze na "maikroRNA ni molekyuli ndogo". Ila ujue CAA nayo inashuka mdudu akifa, kwaiyo hiyo ndiyo utakayoshindana nayo na iwemo kwenye risechi yako la sivyo mtahini atakuuliza na utakosa jibu. Na kama utagusa mkojo kumbuka watu wako wanakojoa damu, hiyo miR-451a anayoisema Fundi itakuwa imejaa humo kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, huwezi kuitupa sampo kwa kigezo hicho, utabaki hewani.

FundiWaPleti:

Nimerudi. Daktari kapiga penyewe kwenye mkojo, achana na mkojo kwa sasa.

Mashine. Kwanza elewa ugumu upo wapi ndio utajua kwa nini kuna njia nyingi. PCR ya kawaida inataka praima (vipande vifupi vya kuanzishia kunakili) mbili, kila moja herufi 20 hivi, na maikroRNA nzima ni herufi 22, yaani kiwanja chote kinaenea nyumba moja na wewe unataka kujenga mbili. Ndio maana kwanza inarefushwa. Njia moja ni praima ya kitanzi, ilitoka 2005, inakamata herufi sita hivi za mwisho za maikro na kitanzi chake kinaongeza urefu, hapo PCR inapata pa kushika. Uzuri wake inachagua sana, ubaya kila maikro na praima yake ya kurivasi (kugeuza RNA kuwa DNA), ukitaka kupima kumi unagawa RNA yako mara kumi na RNA yenyewe ndio hiyo kidogo. Njia nyingine ni kuziwekea zote mkia wa A kwa enzaimu, halafu kurivasi mara moja tu na kuchagua kwenye PCR. Hii inabana RNA, sema ili itofautishe ndugu wanaofanana mara nyingi inahitaji praima zenye LNA (herufi zilizoboreshwa zinazoshika kwa nguvu), na ndugu wapo, familia ya let-7 humo ndani wanapishana herufi moja. Kwa maikro tatu nne ulizonazo wewe praima ya kitanzi inafaa, na hizo za mdudu itabidi uagize zitengenezwe kwa mfuatano wake, huenda hazipo madukani tayari, agiza mapema sana.

PCR ya kidijitali inakata mchanganyiko wako kwenye vitone kama elfu 20, kila kitone ndiyo au hapana, mashine inahesabu, huhitaji mstari wa viwango wa kulinganishia na inavumilia uchafu kidogo. Kwa kitu kilicho kidogo sana kwenye damu kama maikro za mdudu kusema kweli ndio ningeipenda kuliko zote, ila uliza kwanza nani Dar anayo na riejenti zake zinafika kwa muda gani, maana mashine bila riejenti ni meza. GeneXpert sahau, ile inakula katriji iliyofungwa kiwandani, hakuna katriji ya maikroRNA utakayopewa na huwezi kuifungua uweke praima zako.

Zile za zamani za Northern na maikroarei sitazungumza, Northern inataka RNA nyingi ambayo plasma haina.

Kwenye qPCR yenyewe weka marudio matatu, weka kisima (tundu la pleti) cha maji, weka kisima ambacho hakikupitia kurivasi, angalia ufanisi wa PCR upo kati ya asilimia 90 na 110. Cq ikipita 35 usiiamini sana hata kama unaitaka, na kwa maikro za mdudu utakuta nyingi zipo hukohuko kwenye 33, 34, 35, kwaiyo hapo ndipo vita yako itakuwa. Kumbuka tofauti ya Cq 1 ni mara mbili, Cq 3.3 ni mara kumi. Mtu akiniletea tofauti ya Cq 0.6 kati ya wagonjwa na wazima na marudio yake yenyewe yanapishana 0.5 mimi namrudishia karatasi yake.

BintiMikindani:

Naomba nichangie maana mimi nafanya upande wa data. Jamaa aliyekwambia bila kusikwensi hakuna atakayekusikiliza amekudanganya kaka, kusikwensi ni kwa mtu ambaye hajui anatafuta nini. Wewe unajua. Kusikwensi RNA ndogo kuna kazi yake, unaunganisha adapta (vipande vya kushikia) pande mbili, na enzaimu ya kuunganisha ina upendeleo, inazipenda baadhi ya herufi za mwisho kuliko zingine, kwaiyo idadi unayoiona sio idadi halisi, inafaa kulinganisha maikro moja kwa watu tofauti, haifai kusema maikro A ni nyingi kuliko B kwa mtu mmoja. Na kwenye plasma ya mtu mwenye kichocho karibu kila kitu utakachosoma ni cha binadamu, vya mdudu ni vichache mno, utalipia mamilioni ya risomo kuangalia miR-16 za mgonjwa. Ungekuwa na hela ningekwambia sikwensi sampo chache za mwanzo tu uone kama kuna maikro ya mdudu iliyo nyingi kuliko hizo tatu, halafu rudi qPCR.

Ila kuna kitu naona wote mmekipita. Lindi sio kichocho tu. Kuna matende na mabusha, kuna safura, kuna minyoo ya kila aina. Maikro kama miR-71 binadamu hana, hiyo sawa, lakini ipo kwa minyoo mingi sana sio kichocho peke yake, ukiikuta kwenye damu ya mtu wa Lindi umejua ana mnyoo, mnyoo gani hujui. bantam nayo ina ndugu zake kwa minyoo mingine. Linganisha mfuatano herufi kwa herufi kwenye miRBase, ile hazina ya maikroRNA mtandaoni, kabla ya kuagiza praima, na kwenye kundi lako la wasio na kichocho uwe na watu wenye safura na wenye vijidudu vya matende pia, sio watu wasafi tu.

Halafu spaiki, ile RNA unayoiongeza mwenyewe kwenye sampo. Najua Fundi atakwambia weka cel-miR-39 ya kutengenezwa kama kontroli ya kuchuja, dunia nzima wanaitumia kwa sababu ni ya C. elegans na binadamu hana. Kwa mgonjwa wa London hakuna shida. Kwa mtu mwenye minyoo, cel-miR-39 ina ndugu zake, wale wa kina miR-36, wapo kwa minyoo kibao pamoja na kichocho chenyewe, mwanzo wa herufi zao unafanana. Chukua plasma za watu wenye minyoo bila kuweka spaiki, piga hicho kipimo cha miR-39 uone kama kinaamka. Au tumia ya mmea, ath-miR-159a, mnyoo hana.

FundiWaPleti:

Binti umenikamata, hiyo ya ndugu za miR-39 kwa kweli kwa sampo zetu za kusini ni hoja nzito. Mmea basi. Ila popote utakapoichukua, spaiki isiwekwe kwenye plasma tupu, plasma ina enzaimu zinazokula RNA isiyo na nguo, itaisha kwa dakika chache na utafikiri uchujaji wako mbovu. Weka riejenti ya kuvunjia (inayopasua kila kitu na kuzima hizo enzaimu) kwanza, changanya, ndio uweke spaiki.

Na kwenye kusawazisha, yaani RNA ya kulinganishia sampo zote, usiweke U6. Naona watu bado wanaiweka kwa sababu ipo kwenye protokali za tishu, U6 sio hata maikroRNA na kwenye plasma inayumba vibaya. miR-16 nayo wengi wanaitumia, tumeshasema ipo kwenye chembe nyekundu, na watu wako wanakojoa damu, wana upungufu wa damu, wengine wana selimundu ambao chembe zao zinapasuka zenyewe mwilini. Pima maikro za binadamu kama tano sita kwanza kwa watu wachache, chagua mbili zisizotikisika.

Nachingwea_Original:

Wakuu mimi sio wa fani, nauza zangu mbegu za ufuta, ila nasoma hapa naona mambo makubwa. Sasa hii haiwezi kupima malaria? Na mbona mnasumbuka na mashine za Dar, hakuna ya kuchoma kidole kama ile ya malaria?

BintiMikindani:

Kaka malaria mdudu wake hana maikroRNA zake kabisa, hana ile mitambo ya kuzitengeneza, kwaiyo utapima za binadamu tu na MRDT yako inashinda. Ya kuchoma kidole watu wanajaribu, kuna njia za kuzidisha kwenye joto moja bila mashine ya PCR, ila bado ni za maabarani.

Dkt_Shangani:

Mmwera jambo moja la usanifu. Usije ukachukua wagonjwa Mtama halafu wazima ukachukua wanafunzi wenzako chuoni Dar kwa sababu wapo karibu. Nimekagua karatasi za namna hiyo, tofauti inatoka nzuri mpaka unashangaa, na ni tofauti ya friza na safari. Wenye mayai na wasio na mayai watoke vijiji vilevile, damu ichukuliwe na mtu yuleyule saa zilezile, kwenye pleti wachanganywe, usiwaweke wagonjwa pleti ya Jumatatu na wazima ya Jumanne. Mkojo chukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio mayai yanatoka kwa wingi, na rudia siku zaidi ya moja, vinginevyo hao unaowaita hawana utakuwa umewapachika jina tu. Na watu wa baada ya dawa fuata walewale, kila mtu alinganishwe na damu yake mwenyewe ya kabla ya dawa, hapo ndio utapata kitu hata kwa watu wachache. Kibali cha NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa) anza nacho leo.

Mmwera_wa_Mtama:

Aisee nashukuruni wote. Kwaiyo nimeelewa hivi, EDTA za bajeti yangu, kuspini mara mbili hukohuko, 414 na 451a dhidi ya 23a, praima ya kitanzi kwa maikro za mdudu baada ya kulinganisha na za safura na matende, spaiki ya mmea, qPCR Dar, na CAA ya kushindana nayo. Kilichobaki ni friza. Nina -20 tu na ni ile inayojiyeyusha barafu yenyewe. Barafu kavu huku haipatikani. Mwaka 2024 barabara ilipokatika kule Somanga nilikuwa na sampo za kazi nyingine zimekwama, sitaki kurudia. Nikiweka plasma kwenye riejenti ya kuvunjia hukuhuku si itakaa?

FundiWaPleti:

Itakaa vizuri kuliko plasma tupu kwenye hiyo friza, maana inayojiyeyusha barafu inapasha na kugandisha kila siku bila wewe kujua, hiyo ndio mbaya kuliko hata -20 yenyewe. Gawa plasma kwenye vityubu vya mikrolita 200 200, riejenti ndani, spaiki ndani, weka -20 ya kawaida isiyojiyeyusha, hata kama ni friji ya kugandishia samaki ya kununua Lindi mjini, ilimradi haifunguliwi ovyo na ina kipimajoto kinachoandika. Vityubu vichache acha plasma tupu kwa ajili ya CAA.

Ila angalia hiyo riejenti, ile yenye fenoli inababua ngozi na mvuke wake sio wa kuvuta, fanyia kwenye kabati la hewa, na ikimwagika usije ukaipiga Jik, ina guanidini, vikikutana vinatoa gesi ya sumu. Na usimpe kondakta wa basi kwenye boksi la korosho umwambie ni dawa. Tafuta seti isiyo na fenoli au chuja RNA hukohuko ukiweza, RNA iliyochujwa ukiileta kwenye kontena la naitrojeni kavu (la kusafirishia vitu kwenye baridi kali) na ndege ya Mtwara ni kazi ya nusu siku. Kontena la kuazima nitakuulizia huku, nitumie PM uniambie vityubu vingapi.